Utoto wa Wazungu Wawili Waliofika Lualaba

Wazee wetu husema: «Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.» Methali hii twaitumia kila siku kwa watoto wetu, lakini mara chache twaitumia kwa wageni. Mgeni akifika kwetu twamwona mtu mzima, mwenye ndevu, mwenye kofia, mwenye kitabu au bunduki mkononi. Hatuulizi ni nani aliyemlea, wala hatuulizi kijiji chake kilikuwaje alipokuwa mdogo. Ni kama kwamba alizaliwa hivyo hivyo, mtu mzima na viatu vyake.

Sisi tulizaliwa Maniema, si mbali na mto Lualaba. Tulisoma masomo ya kwanza katika shule ya misheni, kisha tukaingia seminari, na leo kazi yetu ni kufundisha. Katika somo la historia yapo majina mawili ambayo hakuna mwanafunzi wa kwetu asiyeyajua: Livingstone na Stanley. Wanafunzi huyakariri pamoja na miaka yake: 1871, 1876, 1877. Siku moja mtoto wa mwaka wa sita alinyosha mkono akauliza: «Mwalimu, watu hao nao walikuwa na mama?» Wenzake walicheka sana. Sisi hatukucheka, maana swali lile lilikuwa kubwa kuliko somo lenyewe. Tukaanza kutafuta katika vitabu, jioni baada ya kusahihisha madaftari, hata tukapata mambo ambayo twaona yafaa kuwaambia wasomaji wetu, wazazi na wanafunzi pamoja.

Kijiji cha nyuzi

David Livingstone alizaliwa tarehe 19 Machi 1813 katika kijiji cha Blantyre, nchi ya Uskoti, ukingoni mwa mto Clyde, karibu na mji mkubwa wa Glasgow. Kijiji hicho hakikuwa kijiji cha wakulima. Mwaka 1785 matajiri wawili, David Dale na James Monteith, walijenga hapo kiwanda cha kusokota pamba, kwa sababu maji ya mto yaliweza kuzungusha magurudumu ya mashine. Kiwanda kilipojengwa, nyumba za wafanyakazi zikajengwa pembeni yake. Nyumba moja ilikuwa na vyumba 24, na kila chumba kilikuwa makao ya jamaa nzima. Katika chumba kimojawapo baba na mama Livingstone walilala, walipika, walisali na kulea watoto wao watano waliobaki hai. Baba alikuwa mchuuzi wa majani ya chai, akitembea nyumba kwa nyumba.

Mwaka 1823, alipokuwa na miaka 10, mtoto David alipelekwa kiwandani. Kazi yake ilikuwa kuunga nyuzi zilizokatika. Mtoto huyo hupita chini na katikati ya mashine, ameinama, akitazama uzi uliokatika, na kuushika upesi kwa vidole vyake vidogo. Kazi ilianza saa kumi na mbili asubuhi, ikaisha saa mbili usiku. Baada ya saa hizo zote, watoto waliotaka kusoma waliingia shule ya usiku, mpaka saa nne. Wengi hawakuweza, walichoka mno. Livingstone mwenyewe aliandika katika kitabu chake cha mwaka 1857 kwamba kwa sehemu ya mshahara wa juma la kwanza alinunua kitabu cha sarufi ya Kilatini. Na kwamba kiwandani aliweka kitabu wazi juu ya mashine, akisoma sentensi moja moja kila apitapo. Usiku aliendelea kusoma mpaka mama yake aliporuka na kumpokonya vitabu mikononi.

Sisi tuliosoma Kilatini seminarini, kwa mwanga wa taa ya mafuta, twajua jinsi maneno yake yalivyo magumu hata kwa kijana aliyelala usingizi wa kutosha. Basi twamheshimu mtoto huyo.

Lakini tusipite upesi. Pamba ile ilitoka wapi? Uskoti ni nchi ya baridi, pamba haioti. Ilitoka ng'ambo ya bahari, katika visiwa vya Karibi na katika Amerika, na waliolima na kuichuma walikuwa watumwa, watu weusi waliochukuliwa kutoka Afrika au watoto wao. Kwa hiyo mtoto aliyekuja baadaye kuwa adui wa biashara ya watumwa alilishwa, tangu utoto wake, na kazi ya watumwa. Hakuichagua kazi ile. Lakini ndivyo ilivyokuwa.

Na kwetu pia pamba ina habari zake. Tangu mwaka 1917 serikali ya Wabelgiji iliwalazimisha watu kulima pamba, na Maniema ni mojawapo ya sehemu za kwanza. Babu yetu mzaa mama alitusimulia jinsi alivyokwenda shambani na baba yake, angali mtoto, kuchuma pamba ambayo hakuna mtu nyumbani aliyeweza kuila. Mihogo ilibaki katika majani, kwa kuwa siku zilikwisha kwa pamba. Kisha kikapu kichwani, mwendo wa siku nzima mpaka sokoni, na franka chache. Babu hakusikia kamwe jina la Blantyre. Lakini tulipomsimulia habari za mtoto wa nyuzi, alitazama vidole vyake kwa kitambo, akasema: «Kumbe hata kwao ni watoto.»

Mvulana wa Denbigh

Wa pili alizaliwa tarehe 28 Januari 1841 katika mji mdogo wa Denbigh, kaskazini ya nchi ya Wales, katika nyumba duni chini ya ngome. Ngome hiyo ilianza kujengwa mwaka 1282, wakati mfalme Edward wa Kwanza wa Uingereza alipoishinda nchi ya Wales. Basi tangu zamani mji wa Denbigh ulikuwa mji wa walioshindwa, wenye jumba la washindi juu ya kilima.

Jina la mtoto halikuwa Stanley. Aliitwa John Rowlands, na katika daftari la ubatizo waliandika kwamba ni mtoto wa haramu. Mama yake, Elizabeth Parry, alikuwa msichana bado, naye akaondoka kutafuta kazi. Mtoto akabaki na babu yake, mzee Moses Parry. Babu alimpenda. Lakini mwaka 1846 mzee akafa ghafula, na mtoto akawekwa kwa watu wengine, wajomba wakilipa fedha kidogo kila juma. Baadaye wajomba wakaacha kulipa.

Hapo yafuata jambo ambalo hatuwezi kulisoma darasani bila sauti kubadilika. Tarehe 20 Februari 1847, mtoto wa miaka 6 alishikwa mkono na kijana wa nyumba ile, akaambiwa kwamba wanakwenda kwa shangazi yake. Walitembea njia ndefu. Mtoto aliuliza uliza, na kijana akamjibu maneno matamu. Mwishowe wakafika mbele ya jumba kubwa la mawe katika mji wa St Asaph. Kengele ikapigwa, mlango ukafunguliwa, mtoto akavutwa ndani, na mlango ukafungwa. Hapakuwa na shangazi. Ilikuwa nyumba ya kazi ya maskini.

Nyumba za namna hii zilienea Uingereza na Wales baada ya sheria ya mwaka 1834. Serikali ilisema: maskini anayetaka msaada asisaidiwe nyumbani kwake, bali aingie katika nyumba ya kazi, na maisha ya humo yawe magumu, ili watu waogope kuingia. Mume alitengwa na mkewe, na watoto walitengwa na wazazi. Nguo za namna moja, chakula cha kupimwa, mlango wa kufungwa kwa ufunguo. Humo John Rowlands alikaa miaka 9. Siku moja mama yake mwenyewe aliingia katika nyumba ile, maskini naye, pamoja na watoto wengine wawili. Mwalimu alimwonyesha mvulana mwanamke yule akamwuliza kama amjua. Hakumjua. Wakatazamana kama wageni. Basi, kwa swali la yule mwanafunzi wetu, jibu ni hili: ndiyo, alikuwa na mama, lakini alimwona wakati wa chakula, kwa kuonyeshwa na mtu mwingine.

Habari hizi zimo katika kitabu cha maisha yake, kilichotolewa mwaka 1909, yeye amekwisha kufa. Lazima tuseme pia kwamba si kila neno la kitabu hicho laaminika. Aliandika kuwa alipigana na mwalimu mkatili, akamwangusha, akatoroka kwa kuruka ukuta. Waliochunguza madaftari ya nyumba ile hawakuiona vita hiyo. Waliona tu kwamba kijana aliondoka mwezi wa Mei 1856. Tena mwaka 1855 askofu wa St Asaph alikuwa amempa Biblia kwa sababu ya bidii yake. Mtoto aliyeumizwa hujitengenezea hadithi ambayo ndani yake yeye ndiye mshindi. Walimu huliona jambo hili kila mwaka.

Alifika Liverpool, akapanda meli, akaenda Amerika, na mwaka 1859 alikuwa katika mji wa New Orleans. Huko akajitwalia jina la tajiri mmoja, Henry Stanley. Tangu hapo alijiita Mmarekani, akaficha Denbigh, akaficha St Asaph, akaficha lugha ya mama yake.

Kibao shingoni

Lugha hiyo yastahili maneno machache. Watu wa Denbigh walisema Kiwelisi, lugha ya kale isiyofanana hata kidogo na Kiingereza. Katika karne ya 19, shule nyingi za Wales zilitaka kuwafundisha watoto Kiingereza kwa nguvu. Walikuwa na kibao kidogo cha mti, kimeandikwa herufi mbili, W na N. Mtoto aliyesikiwa akisema Kiwelisi alivikwa kibao shingoni. Akimsikia mwenzake akisema Kiwelisi, alimpa yeye. Jioni, mwenye kubaki na kibao ndiye aliyechapwa.

Tuliposoma habari hii tuliweka kitabu chini. Sisi nasi tulikivaa kitu kile! Katika shule yetu ya utotoni kiliitwa «simboli»: kipande cha mti chenye kamba, nacho alivikwa mtoto aliyesikiwa akisema Kiswahili au lugha ya kwao badala ya Kifaransa. Twakumbuka uzito wake, ambao haukuwa wa mti bali wa macho ya wengine. Twakumbuka zaidi jinsi tulivyotegea masikio mlangoni mwa choo ili tumsikie rafiki akikosea, tupate kumtupia yeye. Hilo ndilo baya la chombo kile: chafundisha watoto kuviziana. Nasi tulidhani kilitengenezwa kwa ajili ya Waafrika. Kumbe kilikuwa kimekwisha kuning'inia shingoni mwa watoto weupe, katika vijiji vya Wales, zaidi ya miaka mia moja kabla yetu.

Lakini watu wa Denbigh hawakuiacha lugha yao ife. Katika mji ule ule alikaa Thomas Gee, aliyezaliwa mwaka 1815 akafa mwaka 1898. Alikuwa na kiwanda cha kupiga chapa, akatoa magazeti na vitabu kwa Kiwelisi, hata kamusi kubwa ya elimu yenye mabuku kumi. Katika hesabu ya watu ya mwaka 2021, watu kama 538,000 wa Wales walisema kwamba wanajua Kiwelisi. Si wengi, lakini wapo.

Walipofika kwetu

Sasa tuje kwetu. Livingstone alifika Nyangwe, kando ya Lualaba, mwezi wa Machi 1871. Alikaa hapo miezi, akienda sokoni, akitazama wanawake wanaouza samaki, vyungu na mafuta. Tarehe 15 Julai, siku ya soko, watu wa wafanya biashara kutoka pwani walifyatua bunduki katikati ya watu. Wanawake walikimbilia mtoni, mitumbwi ikazama. Wafanya biashara wenyewe walikadiria kwamba waliokufa walikuwa kati ya 330 na 400. Livingstone aliandika yote. Maandiko yake yalisomwa Uingereza, yakasaidia kufungwa kwa soko la watumwa la Zanzibar mwaka 1873. Hata hivyo yeye mwenyewe alisafiri kwa chakula na msaada wa wafanya biashara hao hao, kwa kuwa hakuwa na njia nyingine.

Katika ukoo wa babu yetu husemwa kwamba mama mmoja alikwenda soko lile na kikapu cha mihogo, wala hakurudi. Jina lake limesahauliwa. Jina la mzungu aliyesimama karibu akiandika, twalijua na mwaka wake wa kuzaliwa. Tumelifikiri jambo hili mara nyingi.

Stanley alimkuta Livingstone huko Ujiji mwezi wa Novemba 1871. Mwaka 1876 alifika Nyangwe, akaufuata mto mpaka baharini, akapigana na watu wengi wa kandokando ya mto, akatokea Boma mwezi wa Agosti 1877. Kisha, tangu mwaka 1879 mpaka 1884, alifanya kazi ya mfalme Leopold wa Pili: alifungua njia, alijenga vituo, alipata mikataba kwa machifu ambao hawakuweza kusoma walichokitia alama. Kwa kupasua mawe njiani aliitwa Bula Matari, yaani mvunja mawe. Jina hilo likahamia kwa serikali yote. Babu yetu aliposema «Bula Matari anakuja», maana yake ilikuwa kodi, pamba na fimbo.

Basi mtoto aliyefungiwa mlango alikuja kufungua njia ambayo kwayo wengine walifungiwa. Je, tumhurumie? Twasema: tumhurumie mtoto. Yule wa miaka 6, aliyedanganywa njiani, ni ndugu wa kila yatima wa Kongo. Lakini huruma kwa mtoto si msamaha wa matendo ya mtu mzima. Livingstone naye aliteswa na umaskini, wala hakuchukua njia ile ile. Tena maelfu ya watoto walikulia katika nyumba za kazi, wakawa washona viatu na watumishi, wasimdhuru mtu. Maumivu ya utoto yaeleza mengi, lakini hayaamui yote; na mwalimu asiyeshika maneno haya mawili pamoja atawafundisha wanafunzi ama chuki ama uvivu wa kufikiri.

Jinsi miji yao inavyokumbuka

Miji hiyo yatunzaje kumbukumbu? Huko Blantyre nyumba ya vyumba 24 iliokolewa isibomolewe, ikafanywa nyumba ya makumbusho mwaka 1929. Ilipofunguliwa upya mwaka 2021 baada ya kutengenezwa, ilieleza pia habari za Chuma na Susi, Waafrika waliosafiri na Livingstone, na habari za watumwa waliolima pamba. Lakini Blantyre ina kilio kingine. Tarehe 22 Oktoba 1877, miezi miwili tu baada ya Stanley kufika Boma, hewa ililipuka katika machimbo ya makaa ya mawe, na watu 207 wakafa. Mwaka uliofuata wajane 34 walitolewa katika nyumba za kampuni, kwa kuwa hawakuwa tena na mume mchimbaji. Wasomaji wetu wa Katanga na wa Kivu, waliozika ndugu zao machimboni, hawahitaji maelezo.

Huko Denbigh walisimamisha sanamu ya Stanley mwaka 2011, amenyosha mkono kama anayesalimu. Wengi walinung'unika. Mwaka 2021 wenyeji walipiga kura: 471 walitaka sanamu ibaki, 121 walitaka iondoke. Imebaki. Sisi hatukuulizwa, ingawa mkono ule waelekezwa kwetu. Huko St Asaph nyumba ya kazi iligeuzwa kuwa hospitali, ikapewa jina la Stanley, mpaka ilipofungwa mwaka 2012: jumba lililomfungia likachukua jina lake, tena jina lisilo lake. Na katika kijiji cha Pirbright, kusini ya Uingereza, juu ya kaburi lake limesimama jiwe kubwa, nalo limeandikwa, chini ya jina na juu ya miaka, maneno mawili ya Kikongo: Bula Matari. Watoto wa kijiji hicho wapitao makaburini husoma neno la kwetu bila kujua maana yake.

Na vijiji vyetu?

Wazungu hao wawili twawajua hata kwa siku zao za utoto, kwa sababu moja tu: mtu aliandika. Karani wa nyumba ya maskini aliandika tarehe ya mtoto kuingia. Padri wa parokia aliandika ubatizo. Mtoto wa kiwandani, alipokuwa mtu mzima, aliandika saa za kazi. Maandishi mengine yalikuwa ya ukali, kama neno lile «haramu». Lakini yamebaki, nasi leo twaweza kuwahukumu walioyaandika.

Kwetu wazee wanakufa na mambo yao. Babu yetu tulimzika mwaka juzi. Tulikuwa tumekwisha kuandika habari zake za pamba, kurasa 41 za daftari la shule, na majina ya watu 17 waliochuma pamoja naye. Jina la mama wa Nyangwe hatukulipata.

Kwa hiyo, enyi wanafunzi, likizo ijayo kila mmoja achukue daftari moja na kalamu. Amwendee mzee wa nyumbani, amsalimu kwa heshima, amchotee maji kwanza, kisha amwulize: ulipokuwa mtoto uliamka saa ngapi? Ulifanya kazi gani? Soko lilikuwa wapi? Nani alikulea mama asipokuwapo? Ulikatazwa kusema lugha gani? Aandike katika lugha ile ile ya mzee, wala asiogope makosa ya herufi. Nanyi wazazi, msiseme ni mchezo wa watoto. Kaeni karibu, mkawakumbushe majina. Majina ndiyo yanayotangulia kupotea.